Kuvu Katika Nyumba Tukaazo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tumetakiwa kusema machache juu ya afya ya nyumbani, nasi tumechagua jambo ambalo kila aliyemo humu amelinusa kabla ya kuliona: ile kuvu, ambayo wengine huiita ukungu na wengine koga, iotayo ukutani masika yaingiapo. Kofia iliyotundikwa nyuma ya mlango hugeuka rangi, viatu hufanya kuvu kabatini, shuka hufanya kawa, na pembe ya chumba walalamo watoto huwa nyeusi tangu sakafuni hata kimo cha magoti. Zamani tulizoea kuicheka. Mwaka huu hatucheki, kwa kuwa wako wenzetu waliokesha na watoto ambao vifua vyao vinalia kama filimbi.

Yafaa kwanza tujue kuvu ni kitu gani. Si uchafu wa mwenye nyumba. Ni kiumbe hai, jamaa ya uyoga, na mbegu zake ni ndogo hata hazionekani kwa macho. Zimo hewani kila mahali, sokoni, ofisini, hata katika nyumba iliyo safi kupita zote. Lakini haziwezi kuota pasipo maji. Zikipata ukuta uliolowa kwa siku moja au mbili bila kukauka, na chakula chake, ambacho ni karatasi, mbao, rangi au vumbi, huanza kuota. Basi atakaye kuiondoa kuvu na atafute maji yatokako.

Maji huja kwa njia nyingi. Bati limetoboka, mlizamu umezibwa na majani, bomba lavuja ndani ya ukuta, au unyevu wa ardhi wapanda kutoka msingini. Nyumba za kale za Unguja na Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huuacha unyevu utoke. Akija fundi wa siku hizi akazikandika saruji, unyevu hufungiwa ndani ya ukuta. Pengine maji twayaleta sisi wenyewe, kwa kuanika nguo chumbani na kupika hali madirisha yamefungwa kwa hofu ya mbu. Hayo twayakiri, na dawa yake ni wavu wa dirishani na kamba ya nje. Lakini kufungua dirisha hakuzibi bati.

Juu ya madhara, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009. Lilieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na kikohozi, kukorota kwa kifua, pumu na maradhi mengine ya njia ya pumzi. Wanaoumia zaidi ni watoto, wazee, wenye pumu, na wale ambao miili yao imepungukiwa na nguvu ya kujikinga. Shirika halikutaja kipimo cha kuvu kisichodhuru. Lilitaka unyevu wenyewe uondolewe. Wako wasemao kwamba nyeusi huua na ya kijani haidhuru: hayo ni maneno ya barazani. Wala tusiitie kuvu hatia isiyo yake. Mtu akikohoa wiki mbili, na aende akapimwe kifua kikuu, asikae nyumbani akiulaumu ukuta.

Sasa twataka kuwasimulia habari ya mbali, kwa kuwa yatuhusu sisi watu wa mafaili. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak alifariki mwezi wa Desemba 2020, siku nane tu baada ya kutimiza miaka miwili. Wazazi wake walitoka Sudan, nao walikaa katika nyumba ya kupanga ya shirika la makazi. Baba yake alianza kuarifu habari za kuvu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Baadaye lawama iliwekwa juu ya desturi za familia, kana kwamba wao ndio walioleta unyevu. Familia ilipokwenda kwa wakili mwaka 2020, matengenezo yakangojea mawakili wapatane. Mwezi wa Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alithibitisha kwamba mtoto alikufa kwa kukaa muda mrefu katika kuvu. Kwa kelele zilizofuata ikatungwa sheria iitwayo kwa jina lake. Tangu tarehe 27 Oktoba 2025, wenye nyumba za namna hiyo huko Uingereza hupewa siku 10 za kazi kuchunguza kuvu ya hatari, na siku 5 nyingine kuiondoa hatari hiyo. Na jambo la dharura hushughulikiwa kwa saa 24.

Nasi je? Barua yetu ya kwanza ilijibiwa kwamba wakaazi wafungue madirisha. Ya pili ilileta fundi mmoja na debe la chokaa. Akapaka, na kabla mwezi haujaisha madoa yakarudi mahali pale pale. Hata Torati, katika Walawi sura ya 14, iliagiza lipu yenye madoa ikwanguliwe na kutupwa nje ya mji, haikuagiza yafunikwe. Hatusemi hivi kwa uchungu juu ya fundi, kwani alifanya alilotumwa.

Kwa hiyo Kamati yaomba kila mwenye nyumba aandike karatasi moja: namba ya nyumba, chumba, maji yaingiapo, tarehe alipoona na tarehe alipoarifu, na kama mgonjwa yumo. Nakala moja abaki nayo. Doa dogo na asugue kwa maji na sabuni, pua amezifunga kitambaa, kisha akaushe vizuri. Kabati alisogeze mbali kidogo na ukuta. Asichanganye dawa ya klorini na siki wala amonia, kwa maana moshi wake ni sumu.

Karatasi ziko mezani kwa Katibu. Nyumba za mtaa wa bondeni zitatangulia katika orodha, kwa kuwa maji hufika huko kwanza, na twatumaini orodha itapelekwa kabla ya Ijumaa.