Simu Isimame Kando ya Baraza
Hotuba kwa wakazi katika kikao cha maoni ya bajeti



M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, Mkenya hakuhitaji kufundishwa kutuma pesa nyumbani. Desturi hiyo ilikuwepo: pesa zilipitia kwa dereva wa basi au kwa jamaa anayesafiri. Simu ilifuata njia iliyokwisha kukanyagwa, ikapokelewa upesi.

Maoni ya bajeti ni jambo jingine. Ujumbe wa simu humtaka mtu ajibu peke yake, papo hapo. Lakini jambo la kijiji, kama vile kisima kichimbwe wapi, huamuliwa baada ya watu kuketi na kusikilizana. Tena kuna nyumba zenye simu moja tu, na mwenye simu ndiye anayejibu. Jumbe kumi huenda zikawa za wanaume kumi, ilhali wanawake wanaoteka maji hawakuulizwa. Kaunti ikihesabu jumbe pekee, kisima kitachimbwa penye mtandao mzuri badala ya penye shida ya maji.

Baraza nalo lina kimya chake. Si rahisi msichana kumpinga babu yake mbele ya watu. Kwake simu ni nafasi ya kusema bila kuvunja heshima.

Ndiyo maana Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 91, inataja majukwaa ya teknolojia, mikutano ya wananchi na mbao za matangazo kwa pamoja. Kaunti ya Makueni imesifika kwa kuanzia majadiliano vijijini kabla ya kupanda ngazi.

Basi mambo matatu yafanyike. Maoni ya simu yasomwe barazani bila kutaja aliyetuma. Uamuzi wa baraza uingizwe kwenye kompyuta pamoja na idadi ya waliohudhuria, usihesabiwe kama sauti moja. Kisha jibu lirudi kijijini kwa lugha ya wenyeji: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa nini.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kamati ya bunge husikiliza wananchi kabla ya kuyapitisha. Mwenye simu aandike, na amwandikie pia jirani asiye nayo. Wote wafike barazani.