Usinunue meli, nunua njia



Jirani yangu mmoja amestaafu mwaka huu baada ya kazi ya miaka mingi serikalini. Siku alipomwoa mkewe alimwahidi kwamba wakishakaa sawa watasafiri wawili peke yao, mahali pazuri, bila watoto na bila wageni. Huko kukaa sawa, kama mnavyojua, hakukufika. Walikuja watoto watano, ikaja ada ya shule, kikaja kiwanja, ikaja misiba. Sasa watoto wamekua, na binti yao anayefanya kazi Seattle, kule Marekani, amewaandikia: njooni, nitawaongezea nauli, mpande meli ya kitalii mwende Alaska mkaone barafu.

Basi ahadi ya miaka thelathini na mitano ikapata mlango, na mlango wenyewe nusura uwagombanishe.

Nilipokwenda kuwajulia hali nilimkuta bwana ametandaza mezani picha za meli. "Mzee mwenzangu, tazama hii," akaniambia, "ina mabwawa ya kuogelea, ina sinema, ina hata uwanja wa kushindana magari madogo, juu ya bahari!" Mkewe alikuwa pembeni anachambua mchele, kimya. Nilipomwuliza maoni yake akasema, "Shemeji, rafiki yako nimemwuliza swali moja tu tangu juzi, hajanijibu. Hiyo meli inapita wapi?"

Mama huyu ni mzaliwa wa Pemba. Mtu aliyevuka mkondo wa Nungwi katika kusi, na mtoto tumboni, haanzi kuuliza habari za sinema. Na mimi nasema swali lake ndilo la kwanza kwa kila anayetaka kuchagua kampuni ya meli, kwa sababu meli zote za siku hizi zina chakula kingi na vitanda safi. Zinachotofautiana sana ni njia.

Meli za Alaska husafiri majira ya joto ya kule, kuanzia Aprili au Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba. Nyingi huanzia bandari mbili: Seattle, ambayo ni Marekani, au Vancouver, ambayo ni Canada. Katika ramani bandari hizo ziko jirani. Lakini mbele yake kimelala kisiwa kirefu, nacho kinaitwa Vancouver vilevile, kikubwa kuliko Unguja zaidi ya mara kumi na tano. Meli inayotoka mji wa Vancouver kwa kawaida hupita ndani, kati ya kisiwa hicho na bara, maji yametulia, misitu huku na huku. Meli inayotoka Seattle kwa kawaida hupita nje, upande wa bahari kuu ya Pasifiki, ambako mawimbi hayana wa kuyazuia. Anayelewa na bahari atazijua saa hizo vizuri sana, hata kama meli ina ghorofa kumi na tano.

Ipo pia safari ya kwenda tu bila kurudi, inayotoka Vancouver na kuishia Seward au Whittier, huko juu Alaska. Ni nzuri kwa anayetaka kuendelea kwa treni hadi mlima Denali, lakini nayo huvuka ghuba iliyo wazi kabla ya kufika. Nilipomweleza shemeji hayo alisema, "Hiyo waachie vijana."

Bwana akauliza: kama binti yuko Seattle, meli ya Seattle si ndiyo rahisi, tusiingie Canada? Hapo ndipo wengi huteleza. Marekani ina sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli yenye bendera ya kigeni kuchukua abiria bandari moja ya Marekani na kuwashusha nyingine, au hata kuwarudisha palepale, bila kugusa nchi ya nje. Meli kubwa za kitalii karibu zote zina bendera ya kigeni, kama ya Bahamas, Panama, Bermuda au Malta. Kwa hiyo meli ya Seattle lazima ipitie Canada, na mara nyingi hutia nanga Victoria jioni kwa saa chache, ili sheria itimizwe. Mwaka 2021, Canada ilipofunga bandari zake kwa sababu ya Korona, Bunge la Marekani lililazimika kupitisha sheria ya muda ndipo meli zikaenda Alaska. Maana yake kwa mwenye pasi ya Tanzania au ya Kenya ni hii: ukianzia Seattle au ukianzia Vancouver, unagusa nchi mbili, na viza ni mbili. Uliza pia kama viza yako inakuruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Anayefika gatini na viza moja anaweza kuachwa hapo na mizigo yake, na fedha zake zikaenda safari bila yeye.

Sasa barafu yenyewe. Jirani yangu alidhani kila meli ya Alaska inaona barafu ileile. Hapana. Mahali panaposifiwa kuliko pote ni Glacier Bay, ghuba iliyo ndani ya hifadhi ya taifa, na wenye hifadhi huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku. Nafasi hizo zimegawiwa, na kampuni za Holland America na Princess ndizo zenye nyingi. Meli ikiingia humo haitii nanga. Askari wa hifadhi hupanda wakaeleza watu wanachokiona, na karibu siku nzima mnakwenda polepole mpaka mbele ya ukuta wa barafu unaomeguka vipande na kuanguka baharini kwa kishindo. Mabaharia wa Uingereza walipopita hapo mwaka 1794 karibu ghuba yote ilikuwa barafu tupu. John Muir alipofika mwaka 1879 barafu ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 60. Sisi tuliozoea kuitazama theluji ya Kilimanjaro ikipungua tutaelewa haraka kuliko wengine.

Meli isiyo na nafasi Glacier Bay huenda kwingine, kama Hubbard, ambako nako kuna barafu kubwa ya kutisha. Si vibaya hata kidogo. Lakini soma ratiba, maana neno Alaska likiandikwa kwa herufi kubwa halikwambii utakaa saa ngapi mbele ya barafu.

Soma pia saa za kukaa bandarini. Juneau, mji mkuu wa jimbo hilo, hauna barabara inayouunganisha na miji mingine. Unafika kwa meli au kwa ndege. Una watu wapatao 30,000, na mwaka 2023 ulipokea abiria wa meli zaidi ya milioni 1.6. Wenyeji walichoka, na tangu mwaka 2024 meli kubwa zimewekewa kikomo cha tano kwa siku. Ukishuka pamoja na meli nne nyingine, ule upweke wenu wawili mlioahidiana utautafuta kwa tochi.

Na msidanganyike na wingi wa majina. Princess, Holland America na Carnival ni mali ya tajiri mmoja. Royal Caribbean na Celebrity nao wana mwenyewe mmoja. Mnapopiga bei, mara nyingine mnawashindanisha ndugu wa tumbo moja.

Kuhusu bei nilimwambia bwana achukue kalamu. Bei iliyochapwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha wawili, zidisha. Bahashishi ya wafanyakazi kwa kawaida hukatwa kila siku, kwa kila mtu, na katika kampuni nyingi ni kati ya dola 16 na 20. Kwa wawili, siku saba, hiyo ni dola 224 hadi 280, kabla hamjanunua soda. Vinywaji mara nyingi ni mbali, intaneti ni mbali, na kila matembezi ya kutazama nyangumi ni mbali. Nilimshauri aiache meli yenye magari ya mashindano, fedha hizo anunue chumba chenye roshani, katikati ya meli, ghorofa za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Mkewe akikataa kutoka kwa baridi, barafu itamfuata mlangoni.

Akanuna kidogo. Sikumlaumu, mtu aliyesubiri miaka thelathini na mitano anataka kitu cha kuwasimulia wenzake barazani, na meli ya magari ina masimulizi. Lakini aliyeahidiwa safari si yeye.

Juzi alinigongea mlango. Wamechagua meli inayotoka Vancouver na kurudi Vancouver, yenye siku moja Glacier Bay. Ni meli ya wastani, na binti ataungana nao hapo kuwaaga. Viza ya Marekani wameipata, ya Canada wanaisubiri. Shemeji ameshakwenda soko la Karume akarudi na makoti mawili mazito ya mitumba, la kwake na la mumewe, na limau kilo mbili ambazo nimemwambia hataruhusiwa kushuka nazo uwanja wa ndege. Amesema atazifanya achari.