Mtoto Anayemwaga Chai Si Mzembe

(Mazungumzo na wazazi wa Kitui na Makueni)



Tuanze na zoezi dogo. Jirani yako ashike biro wima mbele yako. Wewe chukua yako, ishushe kutoka juu mpaka ncha iguse ncha. Ni rahisi, si ndiyo? Sasa fumba jicho moja, ujaribu tena upesi. Mnaona? Wengi wetu tunakosa.

Basi hayo ndiyo maisha ya mtoto mwenye jicho vivu. Anamimina chai nje ya kikombe. Mpira unampiga usoni kabla hajaudaka. Nyumbani anaitwa mzembe, pengine hata anachapwa. Sisi tunasema: si uzembe, na wala hakurogwa.

Mungu alitupa macho mawili yaliyoachana kidogo. Kila jicho linaona picha yake, na ubongo unaziunganisha. Kwa tofauti ndogo iliyopo kati ya picha hizo tunajua kitu kiko karibu au mbali. Lakini kama jicho moja lina makengeza, au linahitaji miwani yenye nguvu kuliko lenzake, au lina mtoto wa jicho tangu utotoni, ubongo unaletewa picha mbaya. Mwishowe unaizoea kuitupa. Jicho lenyewe linaweza kuonekana zima kabisa, ndiyo maana mzazi hajui. Duniani, mtoto kama mmoja au wawili kati ya kila 100 ana shida hii.

Utajuaje? Mfunike mtoto jicho moja kwa kiganja, halafu la pili. Kama upande mmoja ananyamaza na upande mwingine analia na kusukuma mkono wako, umemfunika jicho zuri. Mpeleke akapimwe. Akiwa na makengeza, usiambiwe "yataisha akikua". Na ukiona weupe ndani ya mboni, usingoje hata siku ya soko: hiyo yaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Nenda hospitali mara moja.

Matibabu ni yapi? Kwanza ni kuondoa chanzo: miwani, au upasuaji kama kuna mtoto wa jicho. Halafu jicho ZURI linafunikwa saa chache kila siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa watoto ambao shida yao ni ya wastani, saa mbili kwa siku zilisaidia sawa na saa sita. Lakini daktari ndiye anayepanga saa, na lazima urudi kupimwa, kwani jicho zuri likifunikwa kupita kiasi nalo hudhoofika.

Hapa ndipo akina mama wengi wanashindwa. Mtoto analia, anabandua plasta, majirani wanasema unamtesa. Mama, usiache. Mpe kazi ya karibu: achague mawe kwenye ndengu, atunge shanga, achore, asome herufi kubwa. Usimwache karibu na moto wala barabarani akiwa amefunikwa.

Jicho likianza kupata nguvu, mfundishe kutumia yote mawili pamoja. Amimine maji kikombe hadi kikombe. Adake mpira wa makaratasi, mkisogea mbali kidogo kidogo. Atie uzi kwenye sindano kubwa. Michezo hii haichukui nafasi ya miwani wala ya kufunika jicho. Tena tuseme ukweli: si kila mtoto atapata uwezo kamili wa kupima umbali, hasa aliyekuwa na makengeza tangu akiwa mchanga. Hata hivyo, jicho likiona vizuri, hiyo ni akiba. Siku moja mwiba ukichoma lile zuri, hatakuwa kipofu.

Samaki mkunje angali mbichi. Matokeo bora huja kabla ya miaka saba. Lakini hata wa miaka 10 au 12 asiachwe, wengine husaidika.

Mwisho, tuzungumze juu ya safari ya hospitali. Huko Trans Nzoia walimu walipima macho ya watoto zaidi ya 20,000 katika shule 50, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Kati ya watoto walioonekana na shida na kupewa barua tu, ni kama 22 kwa kila 100 waliofika hospitali. Pale wazazi walipotumiwa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha, na kuonyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona, walifika 54. Nauli ni ngumu, tunajua, hasa mvua ikikosa. Lakini kukumbushana hakuna nauli. Kila kikundi cha akina mama, kila jumuiya, iwe na mtu wa kuuliza: "Yule mtoto wenu, mlimpeleka?"

Na leo jioni chai ikimwagika, kabla ya kunyanyua mkono, mfunike jicho moja kwanza.