Mwomba Chumvi Huombea Chungu Chake

(Hotuba iliyosomwa na mwalimu wa shule ya kambini mbele ya jamaa wa Kinanira, Bujumbura, katika mkutano wa wakimbizi wa mjini na wajumbe wa kambi. Kamati imeichapa kama ilivyosomwa, kwa idhini yake.)



Kwanza nawashukuru wenyeji wetu wa Kinanira kwa kutupa ukumbi huu. Si kila mtaa unaofungua mlango kwa mgeni aliyekuja kuomba. Lakini watu wa mtaa huu wanaijua safari. Mwaka 2015 wengi wa hapa na wa Musaga jirani walifunga vifurushi vyao wenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1972 na tena 1993, Warundi walivuka Rusizi wakaja kwetu upande wa Uvira, na babu zetu wakasogea mkekani ili wapate pa kukaa. Januari 2018 ilikuwa zamu yangu. Nilitoka pande za Fizi, nikavuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi mpaka Rumonge, nikiwa na mke, mtoto mmoja, na bahasha ya nailoni yenye diploma yangu ya ualimu kutoka ISP Bukavu. Hiyo bahasha ishikeni akilini. Nitairudia.

Niliombwa na Kamati nizungumze juu ya kuomba msaada wa fedha mtu anapopatwa na mikosi ya kufuatana. Nilifikiri nitatoa somo kama darasani, nitaje mifano ya watu wengine kisha niketi. Usiku nikaona huo utakuwa uongo. Mfano ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo nitasema yangu, na wazee mnisamehe ikiwa ni aibu.

Mwaka 2025 ulianza vibaya kwetu sote. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari, na watu zaidi ya 70,000 wakaingia Burundi, wengine kwa kuvuka Rusizi wakiwa na watoto mgongoni. Desemba vita vikafika Uvira, na makumi ya maelfu wengine wakafuata. Chakula cha wachache kikabidi kigawiwe kwa wengi, wakati fedha za wafadhili zilikuwa zikipungua. Mgao ukapunguzwa. Simlaumu mtu ye yote. Mimi ni mwalimu wa hesabu, najua sufuria moja ikigawiwa mara mbili inakuwaje.

Mkosi wa kwanza kwangu ulikuwa huo wa mgao. Wa pili sitauita mkosi, kwa maana ni damu yangu: watoto wanne wa marehemu dada yangu walifika kutoka Bukavu. Tulikuwa watano, tukawa tisa. Wa tatu ulikuja na mvua ya upepo iliyoezua paa letu usiku. Mke wangu alikuwa na biashara ya unga. Magunia matatu yalilowa, na unga uliolowa hauna mnunuzi. Tulisema, basi, yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mdogo wangu alikuwa akiishi hapa Kinanira, akifanya kibarua kwa waashi. Mwezi wa Tisa alianguka kutoka jukwaa la ghorofa ya pili akavunjika paja. Aliyemwajiri hakuonekana tena. Hospitali moja ya mjini, ambayo sitaitaja, ilimpasua na kumfunga vyuma, na kwa kazi hiyo nashukuru, leo anatembea kwa gongo. Lakini hesabu ilipotoka ilikuwa faranga 1,640,000. Daktari alisema anaweza kwenda nyumbani. Mlinzi wa lango akasema hawezi. Alikaa siku 19 baada ya kuruhusiwa, kwa sababu ya deni.

Ndugu wageni, jambo hilo si geni wala si la wakimbizi tu. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch liliandika taarifa nzima juu ya wagonjwa maskini waliozuiliwa katika hospitali za Burundi kwa kukosa kulipa. Mwezi Mei mwaka huo huo serikali ilikuwa imetangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua, jambo lililookoa wengi. Mdogo wangu hakuwa mtoto wala mzazi. Alikuwa kijana mwenye paja lililovunjika.

Sasa sikilizeni hesabu, maana mwombaji asiyetaja hesabu anaombea giza. Akiba yetu ilikuwa 280,000. Cherehani ya mke wangu niliiuza kwa 360,000. Wenzangu wa likelemba kambini walikubali kunirukisha zamu, nikapata 400,000. Jumla 1,040,000. Zikabaki 600,000.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningewaambia watu. Badala yake nilikwenda kimya kimya kwa mtu wa riba. Hapa Bujumbura biashara hiyo huitwa "Banque Lambert", ingawa si benki yo yote: ni mtu mwenye pesa, daftari na moyo mgumu. Alinipa 600,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Dhamana aliyotaka ni ile bahasha ya nailoni. Diploma yangu iliyovuka ziwa bila kulowa iko katika droo ya mtu.

Kila mwezi nampa 120,000. Miezi minne imepita; nimelipa 480,000, na deni bado ni 600,000 kamili, kwa kuwa nilizolipa zote ni riba. Tumezipata kwa kuuza sehemu ya mgao ambao tayari ulikuwa umepungua. Mkubwa wa wale watoto wa dada, msichana wa miaka 14, alianza kukosa shule ili akalime kwa vibarua. Mwalimu anayesomesha watoto wa watu, na wa kwake yuko shambani! Nilipoliona hilo ndipo nilipokwenda kwa Kamati.

Kwa nini nilinyamaza miezi yote hiyo? Kwa sababu ya neno "Mwalimu". Mtu aliyezoea kuulizwa huona vigumu kuuliza. Wazee walisema mficha uchi hazai. Aibu yangu imenigharimu 480,000, na msichana mmoja amekosa nusu ya muhula.

Aliyenifungua mdomo ni mama mmoja wa mtaa huu, mwuza ndagala. Sitataja jina lake, naye yuko hapa. Siku zile 19 alimpelekea mdogo wangu chakula hospitalini, kwa maana hospitali zetu mgonjwa hulishwa na jamaa zake. Mimi alinipa pa kulala. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, unadaiwa kiasi gani?" Nikasema si kitu. Akasema, "Mimi duka langu liliungua katika soko kuu tarehe 27 Januari 2013. Nilisema si kitu. Nilikaa mwaka mzima nikisema si kitu." Wengi hapa wanaukumbuka moto ule; watu waliamka na maduka, wakalala na madeni. Baadaye akina mama wenzake walimchangia ndoo moja ya ndagala, akaanza tena.

Basi, kutokana na makosa yangu, naomba niwaachie mambo manne.

La kwanza: omba mapema. Deni la siku ya kwanza ni mbuzi, la mwezi wa nne ni ng'ombe. Usingoje uuze cherehani, kwa kuwa cherehani ndiyo ingelipa deni. Anayeuza jembe ili anunue mbegu atalimia nini?

La pili: omba kwa hesabu, si kwa machozi. Sema umepatwa na nini, umejisaidia kwa kiasi gani, kimepungua nini, na utarudisha vipi. Mtu akikuamini kwa machozi, siku ukicheka atakuona mwongo. Akikuamini kwa hesabu, atakuja kuzikagua, na ni haki yake.

La tatu: tutengeneze sanduku kabla ya mkosi. Likelemba ni nzuri, lakini pesa yote huondoka na mwenye zamu. Ukipatwa na shida na zamu yako iko mbali, unabaki kuomba huruma. Kuna njia nyingine, ambayo kwetu Kongo huitwa AVEC na Tanzania wana VICOBA vinavyofanana nayo. Vikundi vya namna hiyo vilianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini, na hapa Burundi vimeenea vilimani. Watu 15 hadi 30 hukutana kila juma, huweka hisa, hukopeshana, na mwisho wa mwaka hugawana. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, ili asiwepo wa kujaribiwa peke yake. Na kando ya hisa upo mfuko wa jamii: kila mmoja hutoa kidogo, na fedha hiyo ni ya ugonjwa, msiba na ajali tu, bila riba. Kama tungekuwa na mfuko huo, nisingekwenda kwenye ile droo.

La nne ni kwa ndugu zetu wa mashirika. Tunajua hamna yote. Mkatae, lakini mtujibu. Mtu aliyeambiwa "hapana" Jumatatu, Jumanne anatafuta njia nyingine. Aliyeambiwa "subiri" bila siku anasubiri mpaka mtu wa riba amwite. Na tunapokuja ofisini, tusilazimike kuonekana tumevunjika kabisa ndipo tusikilizwe. Mwenye kuanguka goti moja husimamishwa kwa gharama ndogo kuliko aliyelala.

Sasa nafika kwenye ombi lenyewe. Familia zilizo katika ukumbi huu ni kama 20. Naomba mkopo, si zawadi: kila familia inayoweza, 30,000. Hiyo ni 600,000. Nitarudisha 50,000 kila mwezi kwa miezi 12, mkononi mwa mhazini wa Kamati, mbele ya mashahidi, na daftari litabandikwa pale ubaoni kila mtu alisome. Leo natoa 120,000 kwa mwezi na deni halipungui. 50,000 nitaziweza, na msichana atarudi darasani. Siku ya kwanza ya kulipa itakuwa mwezi ujao tarehe 5. Nikishindwa mwezi wo wote, nitakuja kusema mwenyewe kabla sijaulizwa.

Na deni likiisha, naomba fedha hiyo isirudi mifukoni. Iwe mtaji wa mfuko wa jamii, kambini na hapa Kinanira. Wapo wanaonyamaza humu ndani usiku huu. Nawaona, maana nilikuwa nao. Mwomba chumvi huombea chungu chake, lakini chungu kikiiva hula wengi.

Darasani nawaambia watoto: ukishindwa hesabu usiinamishe kichwa, nyanyua mkono. Wanafunzi wangu wawili wako hapa pamoja na wazazi wao. Wanangu, mwalimu wenu alishindwa hesabu, na leo amenyanyua mkono.