Mtu wa Kazi Nyingi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Magomeni, Mtwara)



Jioni hii twaomba ruhusa tuseme habari za mtu aliyekuwa karani kama sisi, naye ni marehemu Martin Kayamba wa Tanga. Sababu ya kumchagua ni hii. Mara nyingi tukiketi barazani twawasikia vijana wetu wakinung'unika: "Mwaka jana nalikuwa ghalani nikihesabu magunia ya korosho, mwaka huu nimewekwa mezani pa kodi, mwakani sijui nitapelekwa wapi. Mshika mawili moja humponyoka." Tena wako waliokata tamaa hata wataka kuiacha kazi. Basi, na tutazame kama kweli hali hiyo ni hasara tupu.

Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Baba yake alikuwa mwalimu wa Misheni, na yeye mwenyewe alisoma katika chuo cha Kiungani. Alipotoka chuoni hakukaa mahali pamoja. Alishika kalamu ya ukarani katika Kenya na Uganda, akajaribu na biashara. Vita vilipotokea mwaka 1914 alikuwa ndani ya nchi iliyotawaliwa na Wadachi, wakamtia kizuizini, asipate uhuru wake mpaka mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoitwaa Tabora. Mtu aliyemwona siku ile angalisema: huyu amepoteza miaka yake bure.

Lakini sivyo. Alipokuwa karani Tanga chini ya Waingereza alipanda hata akawa karani mkuu katika ofisi ya wilaya. Na mwaka 1922, hapo hapo Tanga, alianzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali katika Tanganyika. Waislamu na Wakristo walikuwamo pamoja, wala hapakuulizwa kabila. Sisi twadhani ya kuwa hakulijua jambo hilo kwa kusoma vitabu. Aliyepata kuwa mgeni katika miji mingi ndiye aujuaye upweke wa karani aliye mbali na kwao, na ndiye aonaye haja ya kuwakusanya wenziwe.

Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukuma na Bwana Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Waliupinga muungano huo. Safari hiyo aliiandikia kitabu cha Kiswahili, na mwaka 1932 akapandishwa kazi katika ofisi kuu ya Serikali, Dar es Salaam.

Hatusemi ya kuwa alikuwa hana lawama. Wako wasemao ya kuwa alijisogeza karibu mno na wakubwa. Huenda ni kweli. Lakini wengine waliendelea pale alipoishia. Mwaka 1929 makarani na waalimu wa Dar es Salaam walianzisha Chama cha Waafrika, na rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu Cecil Matola, Myao, yaani mtu wa kabila tulijualo sana huku kusini. Katika mzizi huo ndimo ilimochipuka TANU mwaka 1954.

Ndugu zetu, sisi wa Mtwara tuna sababu zaidi ya kulitafakari neno hili. Wazee wetu waliuona mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, wakaiona bandari ikijengwa na reli ikielekea Nachingwea. Mpango ukaanguka, na reli nayo ikang'olewa. Aliyejua kazi moja tu alirudi nyumbani mikono mitupu. Aliyejua mbili alipata pa kushika.

Basi twataka neno moja tu kwenu, wala si la fedha. Kila mwanachama aliyepata kufanya kazi ya namna mbili au tatu, na atoe jioni moja kwa mwezi, aje hapa awafundishe vijana ile wasiyoijua: hesabu za ghala, barua za ofisi, daftari za kodi. Na ninyi vijana, mkihamishwa msione haya. Mchagua jembe si mkulima.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo.