Viazi vya Rangi ya Chungwa: Rangi Peke Yake Haitoshi



Mtoto akosaye vitamini A hudhoofika macho, hushindwa kuona wakati wa magharibi, na asiposaidiwa huweza kupofuka. Msaada mmoja hulimwa shambani, nao ni kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni alama ya betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kiazi cheupe kina kidogo mno.

Hata hivyo, mkulima mwenye busara hachagui mbegu kwa rangi tu. Mwaka 2004 wakulima wa Uganda walipewa aina mbili za rangi hiyo, Ejumula na Kakamega. Ejumula imekolea rangi zaidi, lakini haistahimili ugonjwa wa virusi udumazao mmea na kukunja majani. Nao ugonjwa huo una nguvu katika sehemu za mvua karibu na Ziwa Victoria. Kakamega ni hafifu kwa rangi, bali huuvumilia zaidi. Basi akaaye kando ya ziwa huenda akapata faida kubwa kwa kiazi chenye rangi ndogo.

Katika nchi kavu adui ni mwingine. Ardhi ikipasuka kwa jua, fukusi hupenya katika nyufa na kutoboa viazi. Huko yafaa aina ikomaayo mapema, nayo ivunwe bila kukawia.

Kwa hiyo wataalamu hupanda kila aina katika wilaya mbalimbali, pamoja na kiazi cha wenyeji kiwe kipimo. Hupima uzito wa mavuno, huhesabu mimea iliyougua, kisha wenyeji huonja. Kuonja si mchezo: aina nyingi za Marekani zina rangi nzuri lakini zina majimaji, na watu wazima wa Afrika ya Mashariki hupenda kiazi kikavu chenye unga. Chakula kisicholiwa hakimsaidii mtoto. Kwa kazi ya namna hii Dkt. Robert Mwanga wa Uganda alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Mkulima naye aweza kujaribu. Achukue marando ya mimea isiyo na ugonjwa, apande matuta machache ya kila aina kando ya kiazi chake cha zamani, apime mavuno, apike, awape watoto. Aina itakayojaza kikapu na kumalizwa sahanini ndiyo mbegu ya shamba lake.