CHEREHANI MPYA NYUMBANI

(Maneno aliyoyasema mfanya kazi mmoja wa reli mbele ya wanachama na jamaa zao, Mariakani)



Nimeombwa niseme juu ya cherehani. Huenda mmoja wenu akauliza, mtu wa reli na cherehani, wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba cherehani ni mashine, na kila mashine ina amri zake. Kazi yangu ni spana na mafuta, na majirani huniletea cherehani zao zinapokwama. Nyingi katika hizo hazina ubovu wo wote. Zimeshindwa katika wiki ya kwanza tu, kwa kuwa mwenyewe alitaka kushona gauni siku ile ile mashine ilipoingia nyumbani. Akavunja sindano, akaharibu kitambaa, akakata tamaa, na sasa mashine ni meza ya kuwekea sahani.

Jambo hili lahusu chama pia. Mwaka 2006, reli yetu ilipokodishwa kwa kampuni, wenzetu wengi waliachishwa kazi. Nyumba iliyokuwa na kazi ya pili ilipata unga. Nyumba iliyotegemea mshahara peke yake ilipata taabu. Basi cherehani ni akiba, lakini ni akiba kwa yule tu ajuaye kuitumia.

Tena wengi wetu hununua kwa kulipa kidogo kidogo. Desturi hiyo si ya jana: kampuni ya Singer iliianza huko Marekani mwaka 1856, kwa kuwa bei ya cherehani iliwashinda watu wa kawaida. Imewasaidia wengi, lakini deni halimngoji mtu ajifunze. Kabla hujatia sahihi uliza bei yote ni shilingi ngapi, si ya mwezi mmoja tu. Uliza ukikosa mwezi mmoja itakuwaje. Na kila risiti itunze.

Sasa mashine imefika. Nasema hasa juu ya ile ya kukanyaga kwa miguu, maana ndiyo tuionayo barazani kwa mafundi toka Malindi mpaka Kaloleni, nayo haina habari na umeme ukikatika. Fuateni mambo haya kwa utaratibu.

La kwanza, mafuta. Futa vumbi, kisha tia tone moja katika kila tundu la mafuta. Zungusha gurudumu kwa mkono, halafu futa yaliyozidi, yasije yakachafua kitambaa. Tumia mafuta ya cherehani. Usitie mafuta ya nazi, maana hukauka yakawa kama gundi, na mashine ikawa nzito. Ninyi mnaokaa karibu na bahari, Kilifi na Malindi, mjue kwamba hewa ya chumvi hula chuma. Ifunikeni mashine kila jioni.

La pili, miguu. Siku ya kwanza usitie uzi kabisa. Legeza parafujo kubwa iliyo katikati ya gurudumu la mkono, ili gurudumu lizunguke peke yake bila sindano kupanda na kushuka. Inua ule mguu mdogo unaobana kitambaa. Kaa sawa, weka miguu yote miwili juu ya kanyagio, anzisha gurudumu kwa mkono likielekea kwako, kisha kanyaga. Mwanzo litarudi nyuma, nawe utaona haya. Endelea tu mpaka uweze kuanza, kwenda polepole na kusimama, wala gurudumu lisirudi nyuma hata mara moja. Likirudi nyuma wakati wa kushona, uzi hujifunga na kukatika.

La tatu, karatasi. Kaza ile parafujo, tia sindano ya zamani bila uzi, na uchukue karatasi ya daftari la shule yenye mistari. Fuata mstari mpaka mwisho. Ukifika pembeni, acha sindano ndani ya karatasi, inua mguu wa kubana, geuza karatasi, shusha mguu, endelea. Matundu yatakuambia kweli. Yakipinda, mkono wako umepinda. Sindano hiyo usiitumie katika nguo, maana karatasi huifanya butu.

La nne, sindano na uzi. Sindano ina upande mmoja bapa na upande mwingine wenye mfereji mrefu. Uzi huingia tunduni kutoka upande wa mfereji. Kwa pamba ya kawaida yafaa namba 14, na kwa kaki nzito namba 16. Pitisha uzi wa juu mahali pote paonyeshwapo katika kitabu cha mashine, bila kuruka hata pamoja. Zungusha gurudumu ili sindano ivute juu uzi wa bobini. Shika ncha zote mbili unapoanza, na usisahau kushusha mguu wa kubana.

La tano, mikono. Usikivute kitambaa. Yako meno madogo chini ya mguu, nayo ndiyo yanayokisukuma. Kazi yako ni kukiongoza tu. Anayevuta hupinda sindano, sindano ikagonga chuma ikavunjika. Ikivunjika usilie, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

La sita, kusoma mshono. Ukiona uzi wa juu umelala wima kama waya, umekazwa mno. Ukiona uzi wa chini ndio uliolala hivyo, wa juu umelegea. Ukiona vifundo vingi chini, usikimbilie kukaza parafujo. Kwanza toa uzi wa juu, uutie upya tangu mwanzo. Mara nyingi hapo ndipo penye kosa.

Kisha, kazi ya kwanza iwe ipi? Isiwe gauni la jirani. Anza na foronya, au mfuko wa marekani. Halafu leso. Leso huuzwa mbili pamoja, na lazima zikatwe na kupindwa. Ni mshono ulionyoka, kitambaa ni chepesi, na hapa pwani wateja hawakosekani. Mkono ukizoea, ndipo uingie katika sare za shule kabla ya shule kufunguliwa.

Akina baba, nina neno kwenu pia. Msimwulize mama siku ya tatu, "Pesa ziko wapi?" Hata sisi hatukukabidhiwa kazi siku tuliyoandikwa. Mwacheni ajifunze, na nanyi mkanyage, kwani cherehani haichagui mume wala mke.

Mwaka 1831, huko Paris, mafundi wa kushona walivamia karakana ya Barthélemy Thimonnier wakavunja mashine zake, kwa kuogopa kunyang'anywa riziki. Hofu yao ilikuwa na maana, maana mashine zile hazikuwa zao. Hii ya kwako, ukiisha kuilipa, faida yake ni ya nyumba yako. Itunze.

Mwenye swali na aulize, na mwenye cherehani iliyokwama na ailete.